Alama ya Kitindamimba

Sehemu ya kumi na moja

"Toa kidole hapo, shemeji."

Ndivyo sauti ile ilivyosema nyuma ya mgongo wa Zulmira, na sisi tukaachana hapo hapo wiki nzima. Lawama zenu nimezipata. Yuko mmoja kaniandikia kwamba hata chakula hakikumpita. Basi aketi ale sasa, maana sauti ile ilikuwa ya Belmiro.

Na kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema mara moja tu. Zulmira ni mjane wa Póvoa, mji wetu wa wavuvi pwani ya Ureno. Mumewe, Isaque, kitindamimba wa kwao, alizama Desemba iliyopita, na maiti yake haikuonekana. Ndugu zake wawili, Belmiro mkubwa na Tomé wa kati, walikuwa naye chomboni, na wote wawili waliapa mbele ya padri kwamba walimwona akienda chini. Keshokutwa, Jumamosi, Zulmira anaolewa na Tomé. Ruhusa ya askofu imeshafika kutoka Braga, na gauni limeshapigwa pasi.

Na leo Alhamisi, saa mbili asubuhi, Zulmira amekuta alama ya mumewe imechongwa upya kwenye mlango wa kikanisa cha Santo André, yaani Mtakatifu Andrea, pale mchangani, kaskazini ya mji.

Huku kwetu jina la mtu huandikwa na karani. Mtu mwenyewe huchonga alama. Huichonga kwenye chombo, kwenye kasia, kwenye meza ya kanisa siku ya ndoa, na wenzake humchongea kaburini. Alama ya ukoo huu ni chusa. Mtoto wa kwanza huongeza mkato mmoja pembeni, wa pili miwili. Kitindamimba hupewa chusa tupu, bila mkato, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na wazazi nyumbani mpaka awafumbe macho. Nje ya kaburi, hakuna anayechonga alama ya mwenzake. Mwizi wa Póvoa ataiba wavu, ataiba samaki, alama haibi.

Kwa hiyo Zulmira alipoona chusa tupu, na mti ndani ya mikwaruzo bado mweupe, hakujiuliza nani kachonga. Alijiuliza tu yuko wapi.

Akageuka. Belmiro alikuwa hatua mbili kutoka kwake, koti limelowa ukungu, kisu mkononi. Ni mtu mwenye mabega ya ng'ombe na mdomo wa kununa. Tangu Zulmira aingie katika ukoo huu amemwona akicheka mara moja tu, siku mbwa wa padri alipotumbukia bandarini.

"Kisu cha nini?" akauliza Zulmira.

"Cha kome."

"Kome wameanza kuota kwenye mlango wa kanisa?"

"Kome wako kule." Belmiro akaonyesha kwa kidevu, upande wa miamba iliyokuwa ikitokeza na kupotea ndani ya ukungu. "Hapa nimekuja kwa sababu nimeambiwa. Kama ulivyoambiwa wewe. Wakusanya mwani hawana siri."

"Basi umeona ni ya nani."

"Nimeona."

"Yuko hai, Belmiro! Ndugu yako yuko hai!"

Zulmira alilisema hilo kwa sauti kwa mara ya kwanza, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka ikamtia hofu. Alitaka kucheka. Alitaka kumkumbatia hata huyu dubwana mwenye kisu.

Belmiro hakucheka wala hakukumbatia mtu. "Maiti haichongi, hilo najua," akasema. "Lakini mwanamume aliye hai huanza kwa mkewe. Haanzi kwa mlango wa kanisa."

"Labda anaogopa."

"Anamwogopa nani?"

Zulmira akakitazama kile kisu mara ya pili. Kilikuwa kikavu. Kisu cha kome, saa mbili asubuhi, maji yakiwa yameshaanza kujaa, na kilikuwa kikavu.

"Mliapa," akasema, sauti imeshuka. "Wewe na Tomé. Mliweka mikono juu ya kitabu, mkasema mmemwona kwa macho yenu."

"Niliapa nilichoambiwa niape."

"Na nani?"

Belmiro akatazama baharini. Mawimbi hayakuonekana, yalisikika tu. "Mimi nilikuwa kwenye usukani, Zulmira. Bahari ilikuwa imetupanda juu. Mbele sikuona kitu ila maji. Nilipoweza kuona, tulikuwa wawili."

"Kwa hiyo hukumwona akizama."

"Nenda nyumbani."

"Hukumwona!"

Belmiro akamshika mkono juu ya kiwiko, akamshika vibaya. "Nenda nyumbani nimekwambia. Na Tomé usimwambie habari ya alama hii. Umenisikia?"

"Nisimwambie mchumba wangu? Kwa nini?"

"Usimwambie, basi!"

Mnamjua Zulmira. Mwambie asiseme jambo, umempa nauli ya kwenda kulisema. Alijichomoa mikononi mwa Belmiro, shali ikabaki nusu begani nusu chini, akashika njia ya mchangani kuelekea mjini, nusu anatembea nusu anakimbia.

Akapita Aver-o-Mar, penye vibanda vya wakusanya mwani na malundo yao meusi. Akapita ufukwe wa waogaji, ambako wakati wa joto watu wa Braga huja kupanga mahema yao ya mistari na kuogopa maji ya magotini. Sasa ilikuwa Novemba na hapakuwa na mtu. Njia nzima alikuwa akilia na kucheka. Isaque yu hai. Halafu akakumbuka gauni lililopigwa pasi, akaona haya mpaka akajifunika uso kwa shali, ijapokuwa hapakuwa na wa kumwona.

Tomé alikuwa chini ya ukuta wa ngome, karibu na bandari, ameketi juu ya chombo kilichopinduliwa, anakula dagaa wa kukaanga na mkate wa mahindi.

"Mke wangu wa Jumamosi!" akaita alipomwona. "Mbona hivyo? Una uso wa mtu aliyeibiwa samaki na paka wake mwenyewe. Njoo ule."

Tomé ndiye aliyekuwa akimchekesha Zulmira mwaka mzima wakati hakuna aliyethubutu. Ndiye aliyemletea kuni na kumkarabatia paa. Ndiye aliyelala kitini siku tisa mama yake alipougua kifua. Kama nyinyi wasomaji mngekuwa na dada mjane, mngemwombea apate Tomé.

Zulmira akamwambia yote. Mlango, alama, Belmiro, kisu.

Tomé hakuruka wala hakubadilika rangi. Aliweka dagaa chini, akajifuta vidole, kimoja kimoja, kwa kitambaa.

"Nani mwingine ameiona?" akauliza.

"Wakusanya mwani. Mimi. Belmiro."

"Padri?"

"Sijui. Tomé, kama yuko hai…"

"Kama yuko hai," akasema Tomé, na macho yake yakajaa maji, "mimi mwenyewe nitambeba mgongoni nimlete mpaka mlangoni kwako. Gauni lile utalivaa kwa ajili yake. Mimi nitacheza ngoma mpaka viatu viishe. Unanionaje wewe? Unadhani nataka mke wa ndugu yangu aliye hai?"

Zulmira akalia. Akaona haya mara ya pili asubuhi moja, safari hii kwa kumshuku mtu mwema.

"Niambie jambo moja," akasema akijifuta. "Siku ile Belmiro alikuwa wapi chomboni?"

"Belmiro? Mbele. Yeye na Isaque." Tomé akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nimeshajilaumu sana. Labda kama ningekuwa mbele mimi."

Chombo cha ukoo ule kilikuwa na usukani mmoja.

Mmoja wa wanaume hawa wawili alikuwa mwongo. Mmoja alikuwa na kisu kikavu, mkono mzito na mdomo wa kununa. Mwingine alikuwa analia. Wewe ungemwamini nani? Na Zulmira alimwamini huyo huyo.

"Mama usimwambie," akasema Tomé akisimama. "Moyo wake haustahimili. Mimi leo nakwenda Vila do Conde kufuata divai ya harusi, nitachelewa. Kesho asubuhi tutakwenda wote wawili tukaione hiyo alama. Sawa, mpenzi?"

"Sawa."

Akambusu kwenye paji la uso. Midomo yake ilinuka dagaa, na ilikuwa na joto.

Nyumba ya Mama Quitéria, mama yao wale ndugu watatu, iko nyuma ya kanisa la Lapa, lile lenye mnara mdogo wa taa ya wavuvi. Zulmira alibaki humo baada ya kufiwa, kwa kuwa nyumba ya kitindamimba ndiyo nyumba ya wazazi. Alikuwa amefika kizingitini, mkono uko kwenye kitasa, alipoona mwimo wa mlango.

Chusa tupu. Bila mkato. Asubuhi alipotoka haikuwapo.

"Isaque!"

Akaingia kama upepo. Akafungua chumba, akainama chini ya kitanda, akafungua kabati akatoa nguo zote. Akapanda darini. Akatoka uani, akachungulia hata ndani ya banda la kuku. Kuku wakapiga kelele. "Isaque! Isaque, mume wangu, toka, ni mimi!"

"Unamtafuta nani?" akauliza Mama Quitéria kutoka jikoni.

Alikuwa ameketi karibu na moto, mguu wake uliovimba juu ya kigoda, anamenya viazi vya supu. Amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Miaka sitini na tisa, na uso ambao haukukubali kuombwa radhi na mtu.

"Ameingia, mama? Amepita hapa? Alama iko mlangoni!"

"Hajapita mtu."

"Basi nani…"

Hapo macho ya Zulmira yakashuka. Aproni ya mama mkwe wake ilikuwa na maganda ya viazi, ndiyo. Lakini katikati ya maganda palikuwa na vipande vyembamba vya mti, vyeupe, vilivyojikunja. Na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Mama. Hiki kidole kimefanya nini?"

Mama Quitéria akaweka kisu cha viazi chini. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Ni mimi," akasema. "Hapa, na kule Santo André. Jumanne nilipanda mkokoteni wa wakusanya mwani nikasema nakwenda kuosha kitambaa cha madhabahu."

Zulmira akaketi sakafuni. Asubuhi moja alikuwa amepewa mume na sasa amenyang'anywa, tena na mwanamke anayemenya viazi. Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ile ya Desemba, kwa sababu siku ile alikuwa hajui bado maana yake. Aliona kwamba afadhali asingezaliwa Póvoa.

"Umeniua," akasema. "Mama, umeniua. Alama ya mtu haichongwi na mtu mwingine! Hata mlevi anajua!"

"Kwani mwenye alama kazaliwa na nani?"

"Nilidhani yu hai!"

"Nilitaka udhani. Ungejua, ungeonekana usoni. Wewe uso wako ni dirisha. Sasa futa makamasi unisikilize."

Mama Quitéria akainuka akishika meza, akaenda kwenye sanduku la unga wa mahindi, akaingiza mkono mpaka kwenye bega. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mapajani mwa Zulmira.

Ulikuwa mkanda wa kuelea wa Isaque. Alama yake ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto, chusa tupu. Kwenye mkanda palining'inia kamba, ile ambayo wavuvi hujifunga kiunoni na kuifunga chomboni bahari ikichafuka.

"Waliuokota Santo André wiki tatu zilizopita, chini ya mwani," akasema. "Mtakatifu Andrea huvua waliozama, watu wanasema. Mwanangu hakumvua. Alinivulia huu. Tazama ncha ya kamba."

Zulmira akatazama. Nyuzi zote ziliishia mahali pamoja, sawasawa.

"Bahari ikikata kamba hutafuna," akasema Mama Quitéria. "Huacha ndevu. Hii imekatwa na kisu, mara moja. Chomboni walikuwa watatu. Kisu hakikushikwa na Isaque."

Moto ukatulia. Nje kengele ya Lapa ikagonga saa sita.

"Mmoja wa wanangu wawili," akaendelea bibi yule, na sauti haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha Zulmira, "alimkata mdogo wake kama mtu anavyokata wavu uliokwama. Nikiwauliza, wote wawili wataapa tena. Viapo vyao nimeshavisikia. Basi nikachonga. Asiyejua kitu akiiona alama ile atalia kwa furaha, au atakwenda kumtafuta ndugu yake. Mwenye kujua ataogopa. Ataifuta. Nami nitakuwapo akiifuta."

Zulmira akakumbuka kisu kikavu. Akamweleza. Akamweleza usukani, jinsi kila mmoja alivyojiweka yeye nyuma na mwenzake mbele. Na alipofika kwenye mkono uliomshika juu ya kiwiko, akapandisha mkono wa shati la sufu, na alama za vidole vinne zilikuwa pale, zimeanza kuwa buluu.

Mama Quitéria akafumba macho.

"Belmiro," akasema. "Nilijua. Tangu mdogo ana mkono mzito. Alimvunja Tomé jino wakiwa na miaka saba na mitano."

"Sijui, mama. Labda…"

"Hakuna labda. Tomé ndiye anayenivalisha viatu asubuhi. Tomé analala kitini nikikohoa. Belmiro ana miezi miwili hajavuka kizingiti hiki." Akavuta pumzi ndefu. "Umemkuta asubuhi, hakupata nafasi. Atarudi leo. Chukua mkanda huo, uweke chini ya shali. Tukitoka Santo André tunakwenda moja kwa moja kwa askari."

"Na wewe utaweza? Ni mwanao."

"Nitamshika mkono mwenyewe nimpeleke. Belmiro nimeshamlilia. Usiku wa wiki tatu nimemlilia, machozi yake yameisha. Isaque ni lazima apate haki yake, na wewe ujue unaolewa katika nyumba safi. Haya, inuka."

Hapo Zulmira alimpenda mwanamke yule kuliko alivyompenda mama yake mzazi. Naliandika hili kwa sababu baadaye mtanikumbusha.

Mkokoteni wa mwani uliwashusha Santo André saa tisa alasiri. Mwenye ng'ombe akaenda zake. Ukungu haukuwa umeondoka, ulikuwa umeshuka chini zaidi, na kikanisa kilionekana kama donge la sukari lililosahauliwa mchangani. Maji yalikuwa yakirudi nyuma na kuacha miamba uchi.

Mlango ulikuwa haujaguswa. Chusa tupu ilikuwa pale.

Mama Quitéria alikuwa na ufunguo, kama wanawake wote wanaoosha vitambaa vya madhabahu. Wakaingia, wakafunga kwa ndani. Mlango ule ni wa mbao za kizamani, na kati ya ubao na ubao kuna ufa ambao jicho linaenea. Ndani palinuka nta na maji ya chumvi. Wakaketi kwenye benchi la nyuma, bega kwa bega.

"Usikohoe, mama."

"Sikohoi."

Nusu saa. Saa nzima. Zulmira hakuomba dua, aliusikia tu mkanda ukimbana mbavu. Alijua anachongoja. Belmiro akija na akifuta, muuaji wa mumewe atakuwa amejulikana, na Jumamosi ataolewa na mtu aliyelia naye. Alijikuta anataka Belmiro aje. Alimtaka kwa moyo wote, kama mtu anavyotaka jino bovu ling'oke.

Kisha mchanga ukalia.

Hatua. Nzito kidogo, hazina haraka. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Pumzi ya mtu upande wa pili wa ubao, karibu kiasi cha kuweza kuigusa.

Mama Quitéria akamshika Zulmira mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki.

Chuma kikagusa mti.

Wakangoja sauti ya kukwangua, ile sauti ndefu ya mtu anayefuta. Haikuja. Likaja pigo dogo, tak. Kimya kidogo. Tak, la pili. Halafu mtu yule akapuliza vumbi la mti, akapitisha kiganja juu ya kazi yake.

Mara mbili tu. Hakufuta kitu.

Zulmira akainuka. Akaweka jicho kwenye ufa. Aliona mkono wa fulana ya sufu nyeupe, yenye nakshi nyekundu na nyeusi, ambayo yeye mwenyewe aliifuma mwezi uliopita, akaimalizia kola usiku wa Jumapili. Akapandisha jicho.

Vila do Conde iko kusini, wasomaji wangu. Santo André iko kaskazini. Na aliyekuwa akijipukusa vumbi la mti kifuani, uso mtulivu, ulimi kidogo nje kama fundi aliyeridhika, alikuwa Tomé.

Mikato miwili! Mnaelewa alichofanya? Mjinga angefuta, na mlango uliokwanguliwa ungeuliza maswali mpaka Braga. Tomé aliongeza. Chusa tupu na mikato miwili ni alama ya mtoto wa pili. Kuanzia dakika ile, hapakuwa na alama ya Isaque popote Santo André. Palikuwa na alama ya Tomé, bwana harusi mcha Mungu aliyekuja kumshukuru mtakatifu kabla ya ndoa. Wakusanya mwani wangeambiwa hawaoni vizuri. Zulmira angeambiwa ana majonzi ya mjane. Belmiro angeambiwa hivyo hivyo, na nani amsikilize Belmiro?

Zulmira akarudi nyuma. Alihisi busu lile la asubuhi kwenye paji la uso, akalifuta kwa kiganja, akalifuta tena. Belmiro maskini, aliyekuja asubuhi kumzuia asiseme, alikuwa amesema kweli neno kwa neno, na yeye alimkimbia akaenda kumwambia muuaji.

"Mama," akanong'ona. "Ni yeye. Ni Tomé. Amegeuza alama kuwa yake."

Mama Quitéria alikuwa ameshaona. Alikuwa amesimama kwenye ufa wa pili, paji la uso limeegemea ubao.

"Tutoke sasa, mama. Kisu bado kiko mkononi. Mshike kama ulivyosema."

Bibi yule hakusogea.

"Mama!"

"Belmiro nilimlilia," akasema Mama Quitéria polepole. "Huyu sijamlilia."

"Amemuua Isaque!"

"Isaque amekufa. Nikimtoa huyu, narudi nyumbani na nani? Na Belmiro, asiyeniamkia?" Aligeuka, na katika mwanga ule hafifu uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza hesabu. "Nilikuwa na watatu. Nilijiandaa kubaki na mmoja, lakini si yule. Wewe ni kijana, Zulmira. Utakuwa na wanaume wengine wa kulia nao."

"Mama, usifanye hivyo. Nakuomba."

"Nyamaza, mwanangu."

Nje hatua zilikuwa zimeanza kuondoka. Zulmira akazisikia zikienda, moja, mbili, tano, akashukuru kwa kila moja. Laiti zingefika mbali tu. Zingefika kwenye mwani tu.

Mama Quitéria akazungusha ufunguo. Zulmira akamrukia, akamshika bega, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka na ukungu umeingia.

"Tomé!" akaita mama.

Hatua zikasimama. Zikarudi. Tomé akatokea kizingitini, kisu mkononi kando ya paja. Akamtazama mama yake. Akamtazama Zulmira, kwa muda mrefu, bila kicheko chochote ndani ya macho.

"Ingia, mwanangu, baridi ni kali," akasema Mama Quitéria. "Ameona yote. Na mkanda wa Isaque anao yeye, chini ya shali."

Tomé akapangusa miguu yake mchanga, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaingia. Akaurudisha mlango taratibu. Kisha akanyoosha kiganja, na mama yake akampa ufunguo.